Je, Wajua? Yanayotendeka Juu ya Dari

Wengi wetu huliangalia paa la nyumba mara mbili tu: siku fundi anapogonga msumari wa mwisho wa kofia, na siku beseni linapowekwa katikati ya sebule. Kati ya siku hizo mbili huweza kupita miaka ishirini, na muda wote huo paa lina shughuli zake. Linarefuka na kunywea, linatoa unga, linatokwa na jasho, linabeba tani za maji ambazo hakuna aliyezipima. Haya ni machache kati ya yanayotendeka huko juu, pamoja na habari za majengo mawili ambayo dalili zake zilionekana na watu wengi kabla hayajaua.

Je, wajua kwa nini nyumba ya bati hupiga kelele mchana wingu linapopita? Bati linanywea. Chuma hurefuka takriban sehemu 12 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, kiasi ambacho mtu hawezi hata kukiwaza. Lakini lichukue bati la mita 6 lililokuwa na nyuzi 20 alfajiri, likafika nyuzi 60 jua la utosini: limeongezeka karibu milimita 3. La alumini huongezeka karibu mara mbili ya hapo. Jioni linarudi lilikotoka, kesho linaanza tena. Msumari uliogongwa kwenye papi husukumwa huku na huku kila siku ya Mungu, tundu lake likipanuka, mpira ulio chini ya kichwa ukikauka kwa jua, hadi msumari wenyewe unaanza kuchomoza. Ndiyo maana fundi mzuri akipanda paa kongwe asubuhi kabla halijapata moto, hashughuliki kwanza na rangi. Anapitisha kiganja juu ya vichwa vya misumari, mstari kwa mstari. Skrubu hushika vizuri zaidi kuliko misumari, ila mpira wake nao huzeeka kwa jua lilelile.

Je, wajua kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28? Namba ikipanda, unene unashuka. Bado wapo wanaouziwa namba kubwa wakidhani wamepewa bati bora, na muuzaji hana haraka ya kuwasahihisha.

Bati lenyewe lina asili bandarini. Mwaka 1829 mhandisi wa gati za London, Henry Robinson Palmer, alipata hataza ya chuma cha mikunjo: aligundua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi hupata ugumu wa kuvuka nafasi kubwa bila nguzo nyingi. Lilikuwa jambo la maana, lakini chuma kile kilishika kutu upesi. Dawa ilitoka Ufaransa mwaka 1837, Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Bila zinki hiyo, nusu ya miji ya Afrika Mashariki isingekuwa na paa la kuzungumziwa.

Zinki haifuniki chuma tu kama rangi inavyofanya. Inajitoa mhanga. Bati likikwaruzwa na chuma kikabaki wazi, zinki iliyo jirani ndiyo inayoliwa kwanza, na chuma kinasalimika kwa muda. Kwa hiyo bati lina lugha ya rangi mbili. Unga mweupe maana yake ni zinki inayoliwa. Bado upo wakati wa kusafisha na kupaka rangi. Wekundu wa kutu maana yake ni kwamba zinki ya mahali pale imekwisha. Anayeanza kukagua baada ya kuona wekundu amechelewa, ingawa hajachelewa kabisa.

Zipo njia za kuharibu bati jipya siku ileile linapowekwa, na mafundi huzifanya bila nia mbaya. Ya kwanza ni kukata bati kwa grainda huko huko juu ya paa. Cheche ni vipande vya chuma vya moto. Vinanata kwenye bati, mvua ya kwanza ikinyesha vinashika kutu, na mwenye nyumba anakwenda kugombana na duka kwa vidoadoa ambavyo kiwanda hakina habari navyo. Ufagio tu ungetosha. Ya pili ni saruji mbichi: bati la mchanganyiko wa alumini na zinki (kwa kawaida alumini asilimia 55) huliwa na saruji iliyolowa, na mwashi anayeziba pembeni ya ukuta kwa dongo moja la saruji huacha ugonjwa pale pale. Ya tatu ni shaba. Maji yanayodondoka kutoka kwenye bomba la shaba la kiyoyozi hubeba chembe zake hadi kwenye bati na kulitoboa taratibu. Kwenye majengo ya ofisi, mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya viyoyozi.

Kwa walio pwani kuna jambo jingine lisilotarajiwa. Sehemu ya bati inayonyeshewa mvua mara nyingi hudumu kuliko ile iliyojificha chini ya upenu. Mvua huosha chumvi ya bahari. Upenuni chumvi inakaa tu, ikinyonya unyevu wa usiku. Mtu anaweza kutazama paa la nyumba yake ya Kigamboni au Nyali kwa juu akaliona linang'aa, kumbe kingo zake kwa chini zimeshakuwa karatasi. Wauzaji wengine wa mabati hudai katika karatasi ya dhamana kwamba sehemu hizo zisizofikiwa na mvua zioshwe kwa maji baridi mara kwa mara. Ni wateja wachache wanaoisoma karatasi hiyo.

Je, wajua kwamba maji ya kuvuja mara nyingi hayadondoki chini ya tundu? Yanaingia kwenye tundu, yanashika papi, yanateremka kwa kenchi, yanakutana na waya wa taa, na ndipo yanapoamua kudondoka. Doa likiwa chumba cha watoto, tundu linaweza kuwa juu ya jikoni. Fundi mwenye subira huchukua mpira wa maji na kuanza kumwagilia sehemu ya chini kabisa ya paa, akipanda polepole huku mwenzake akiwa darini na tochi. Akianza juu, maji yatateremka paa zima na hataambulia kitu.

Na kuna paa lisilo na tundu lolote ambalo huvuja. Makete, Njombe, Limuru, popote penye usiku wa baridi na anga nyeupe, bati hupoteza joto kuelekea angani hadi linakuwa la baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za watu na wa sufuria za jikoni hupanda, hugusa bati, hugeuka matone. Asubuhi kitanda kimelowa na mvua haijanyesha wiki mbili. Nimesikia watu wakishauriwa wabadilishe bati zima, wakati kilichohitajika ni matundu ya hewa kwenye upenu.

Sasa uzito. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Hesabu hii ni rahisi na inatisha. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipata mvua ya milimita 40 katika alasiri moja ya masika, imepokea lita 4,800, karibu tani tano. Paa la mgongo huzimwaga upesi. Paa la bapa, au lile la kisasa lililofichwa nyuma ya ukuta, hutegemea matundu machache ya kutolea maji, na tundu huzibwa na mfuko mmoja wa plastiki, majani ya mwembe, au mpira wa watoto wa jirani. Maji yakituama kimo cha sentimita 10, kila mita ya mraba imebebeshwa kilo 100. Kwa ukumbi wa mita 20 kwa 30 hizo ni tani 60 ambazo mhandisi hakuzihesabu. Mtindo wa paa lililofichwa unapendeza barabarani, sikatai. Ila unamwondolea mwenye nyumba kitu kimoja cha thamani: uwezo wa kuliona paa lake akiwa amesimama uani.

Mji wa Elliot Lake, jimbo la Ontario nchini Kanada, ulipata somo la maji na paa kwa bei kubwa. Mwaka 1980 lilifunguliwa jengo la maduka liitwalo Algo Centre, na maegesho ya magari yakawekwa juu ya paa lake. Paa lilivuja tangu mwanzo. Magari yalipanda na theluji, na theluji ile ilikuwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi yakapita kwenye nyufa na kuziteremkia nguzo na mihimili ya chuma. Ndani, watu waliweka ndoo. Ndoo zikawa sehemu ya jengo. Wamiliki walibadilika, ripoti ziliandikwa, viraka viliwekwa juu ya viraka, na wanunuzi walizoea kukwepa matone. Tarehe 23 Juni 2012 kiungo kimoja, mahali mhimili ulipochomelewa kwenye nguzo, kilikatika. Sehemu ya paa iliporomoka na wanawake wawili wakafariki.

Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Paul Bélanger ilitoa ripoti yake mwaka 2014, na sehemu inayoumiza zaidi si kutu. Ni idadi ya watu waliopita wakaona. Miezi isiyofika mitatu kabla ya ajali, mhandisi alilikagua jengo kwa macho na kulipitisha kuwa salama. Ukaguzi ulikuwepo kwenye karatasi, na jengo likaanguka nao. Hapa nina maoni yangu: neno "ukaguzi" limekuwa jepesi mno. Kutembea chini ya dari iliyopakwa rangi huku ukiandika kwenye fomu ni matembezi. Kukagua ni kuinua ubao wa dari, kukwangua kutu kuona kina chake, kugonga, kupima.

Karibu zaidi na kwetu ni Beit al-Ajaib, jengo la maajabu la Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyobomoa majumba jirani. Mizinga haikuliangusha. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo sehemu za baraza zake zilikuwa zimeshaanza kuanguka, na jengo lilikuwa limefungwa kwa wageni.

Ili kuelewa kwa nini majengo ya aina hii huchoka, lazima kujua yalivyoezekwa. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, juu ya boriti mawe madogo, juu ya mawe tabaka la chokaa lililopigwapigwa hadi likashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya Lamu ni virefu na vyembamba. Boriti ni mbao ngumu yenye sifa, na kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka hadi Omani na Ghuba, kusikokuwa na miti ya kuezekea. Udhaifu wake uko mahali pamoja: ncha iliyozamishwa ukutani. Paa likipata ufa, maji hunyonywa na ukuta, ukuta hubaki na unyevu miezi mingi, na ncha ya boriti huoza ndani kwa ndani wakati sehemu inayoonekana chumbani bado ni nyeusi na imara. Fundi wa Mji Mkongwe huigonga boriti karibu na ukuta kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa sauti ya bubu.

Kuna kosa la kisasa linalozidisha tatizo. Mtu akiona chokaa inabanduka, anapaka saruji. Chokaa hupumua, maji yaliyoingia hutoka. Saruji huyafungia ndani. Ukuta unaonekana mpya kwa miaka mitatu, na boriti zake zinaoza kwa kasi kuliko zamani. Wenyeji wengi waliamua kuongeza paa la bati juu ya paa la bapa la asili, na kwa uhifadhi wa jengo ulikuwa uamuzi wa busara, hata kama wapenda picha wa kitalii hawaupendi.

Je, wajua kwamba upepo hulivuta paa zaidi ya kulisukuma? Unapopita juu kwa kasi, mgandamizo wa hewa juu ya bati unashuka, na hewa iliyo ndani ya nyumba inasukuma kwenda juu. Mvuto huwa mkali zaidi kwenye pembe na kingo. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Bati moja la pembeni lililolegea linatosha kuufungulia mlango. Paa lililopigiliwa vizuri sana nalo lina hatari yake: ikiwa kenchi hazijafungwa kwenye lenta kwa nondo au mkanda wa chuma, linaondoka lote kwa pamoja, papi na kenchi, likatue shambani kwa mtu. Pwani yetu huhesabiwa kuwa salama dhidi ya vimbunga, na kwa kiasi kikubwa ni kweli, ila kimbunga cha Aprili 1872 kiliivuruga Zanzibar na kulaza mikarafuu ya Unguja, kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya kilifika karibu na Mafia Mei 2024. Tazama miezi hiyo. Anayetaka kukaza misumari afanye hivyo Februari.

Gata iliyoziba ina wapangaji. Mbu wa Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, hupenda maji kidogo, safi, yaliyotuama karibu na watu, na gata yenye majani humfaa kabisa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mayai ya mbu huyu hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua ijayo, kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Gata isuguliwe.

Huko Buganda paa lina ukoo wake. Kwenye makaburi ya Kasubi, Kampala, kazi ya kuezeka nyasi kwenye nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ni ya ukoo wa Ngeye kwa urithi, na ndani ya paa mna pete 52 kwa ajili ya koo za Buganda. Moto uliiteketeza Machi 2010. Ilijengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi haziishi milele, kwa hiyo maarifa ya kuzitazama na kuzibadili hurithishwa pamoja na kazi. Sisi wenye mabati hatuna ukoo wa kuuliza.

Kabla hujamtuma mtu apande, mambo mawili. Mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga kwenye maghala na karakana hukauka kwa jua na kuwa dhaifu, na vumbi likiyafunika hayatofautiki na bati la chuma. Watu hukanyaga na kudondoka hadi sakafuni. Na paa za asbesto bado zipo kwenye majengo ya zamani ya umma. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto mwaka 2005, na Afrika Kusini, iliyokuwa mzalishaji mkubwa, mwaka 2008. Asbesto iliyotulia haina ghasia; iliyotobolewa, kukatwa au kusuguliwa kwa brashi hutoa nyuzi zisizoonekana, na saratani inayosababishwa nazo huweza kujitokeza baada ya miongo mitatu au minne. Paa la aina hiyo haliguswi na kibarua wa mtaani.

Kwa nyumba ya kawaida, mara mbili kwa mwaka inatosha: kabla ya masika na kabla ya vuli, na mara moja zaidi baada ya dhoruba. Nusu ya kazi haihitaji ngazi. Vumbi laini lililotapakaa chini ya mbao ni la bungua, na likifagiwa leo kisha kesho likarudi, bungua yu hai. Njia za udongo ukutani ni za mchwa wanaoelekea kwenye kenchi. Kwenye majengo makubwa yenye paa la bapa lililowekwa tabaka la kuzuia joto, wakaguzi hutumia kamera ya joto baada ya jua kuzama: sehemu iliyolowa hushika joto la mchana kwa muda mrefu kuliko iliyokavu, na huonekana kwenye kioo ikiwa bado ya moto.

Ukimlipa mtu akukagulie, asiwe yule atakayepata zabuni ya kuezeka upya, na akuonyeshe picha, hasa za ndani: viungo vya kenchi, chini ya kofia, ncha za boriti, sehemu ya ndani ya upenu. Picha za bati kwa juu hata droni inaweza kuzipiga. Aliyeshuka baada ya robo saa na shati lake likiwa bado jeupe hakuingia darini.